Injini isiyo na panga hata moja: Kasi inapogeuka kuwa pampu ya hewa

Na Mwandishi Wetu, Mbeya

YEYOTE aliyewahi kusafiri kwa basi kati ya Dar es Salaam na Mbeya anaufahamu Mlima Kitonga, ule mpando mkali uliopo mkoani Iringa baada ya kupita Ruaha Mbuyuni. Hapo malori yenye shehena za Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hupanda kwa mwendo wa kinyonga, injini zikinguruma kwa nguvu zote, huku abiria wakitazama korongo upande mmoja na ukuta wa mwamba upande wa pili.

Wengi hudhani kwamba taabu ya malori hayo inatokana na uzito wa mizigo na ukali wa mwinuko pekee. Hayo ni kweli, lakini lipo jambo la tatu lisiloonekana kwa macho. Kadiri gari linavyopanda kuelekea Nyanda za Juu Kusini, ndivyo hewa inayoingia katika injini inavyozidi kuwa haba. Injini, kama alivyo mwanadamu, hupumua. Na pale pumzi inapopungua, nguvu nayo hupungua.

Makala haya yanaeleza namna injini zinavyopumua, kuanzia lori la Kitonga na ndege inayotua Songwe, hadi kufikia injini ya ajabu iitwayo ramjeti, ambayo haina kompresa, haina turbini, wala haina panga hata moja linalozunguka. Injini hiyo inategemea kitu kimoja tu: mlango wake wa hewa. Anayeuelewa mlango huo atakuwa ameelewa pia kwa nini lori linachoka Kitonga na kwa nini ndege inahitaji barabara ndefu ili kuruka kutoka Mbeya.

Mafuta ni nusu tu ya hesabu

Mwenye gari huhesabu lita za mafuta kwa sababu ndizo anazolipia. Hewa haina risiti, hivyo husahaulika. Lakini ukweli ni kwamba lita moja ya dizeli, ili iungue yote, huhitaji takriban kilo 12 za hewa. Katika usawa wa bahari kiasi hicho hujaza nafasi ya mita za ujazo 10 hivi, sawa na stoo ndogo ya nyumbani. Katika Jiji la Mbeya, hewa ileile yenye uzito uleule hujaza zaidi ya mita za ujazo 12, kwa kuwa imetawanyika zaidi.

Jiji la Mbeya lipo katika kimo cha takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni kama asilimia 81 ya lile la Dar es Salaam. Mjini Iringa, ambako kimo ni pungufu kidogo, shinikizo ni kama asilimia 83. Reli ya TAZARA nayo, baada ya kukwea kutoka Mlimba hadi Makambako na kusonga mbele kuelekea Mbeya, hufikia sehemu yake ya juu kabisa pale Uyole, karibu mita 1,790. Kichwa cha treni, lori, basi na bodaboda, vyote vikifika huku vinavuta pumzi ileile kwa ukubwa, lakini ndani yake hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano.

Ndiyo maana injini nyingi za malori ya kisasa zimefungwa kifaa ambacho mafundi hukiita turbo. Hicho ni gurudumu dogo linalozungushwa na moshi unaotoka katika injini, nalo huzungusha gurudumu jingine linaloisukuma hewa ndani kwa nguvu. Kwa maneno mengine, moshi ambao ungepotea bure hulipishwa kazi ya kuisaidia injini kuvuta pumzi. Lori lisilo na kifaa hicho, au ambalo chujio lake la hewa limejaa vumbi, huumbuka Kitonga mapema kuliko mengine.

Kutoka lori hadi ndege

Injini ya ndege ya abiria hufanya kazi ileile ya kuvuta hewa, kuigandamiza, kuichoma pamoja na mafuta na kuitoa nje. Tofauti ni kwamba kazi hizo hufanyika kwa mfululizo usiokatika. Mbele kuna feni kubwa, mithili ya panga boi la ofisini lakini lenye mapanga mengi na mapana. Nyuma ya feni ipo kompresa, yaani safu kwa safu za mapanga madogo yanayoigandamiza hewa hatua kwa hatua. Hufuata chumba cha mwako ambamo mafuta hunyunyizwa na kuungua. Mwisho ipo turbini, safu nyingine za mapanga zinazozungushwa na gesi ya moto, ambazo kazi yake ni kuizungusha ile kompresa na feni vilivyoko mbele.

Mapanga hayo ndiyo fahari ya injini ya jeti, na ndiyo pia udhaifu wake. Yale ya turbini hufanya kazi katika gesi yenye joto linalozidi kiwango cha kuyeyuka cha metali yenyewe, yakiokolewa na hewa ya kupoozea inayopitishwa ndani yake. Ni vifaa ghali, vyenye kuhitaji uangalizi mkubwa.

Watanzania walionja adha ya jambo hilo mwezi Novemba 2022, pale Air Tanzania ilipolazimika kuwatangazia wateja wake mabadiliko ya ratiba baada ya baadhi ya ndege zake aina ya Airbus A220-300 kusimama kutokana na hitilafu za injini za PW1500G, zinazotengenezwa na kampuni ya Pratt & Whitney ya Marekani. Tatizo hilo halikuwa la Tanzania peke yake. Mashirika ya nchi nyingine yenye ndege za aina hiyo nayo yaliguswa.

Msomaji anaweza kujiuliza swali ambalo wahandisi walijiuliza zaidi ya karne moja iliyopita: je, haiwezekani kuwa na injini ya jeti isiyo na mapanga kabisa? Jibu ni kwamba inawezekana, na imekwishatengenezwa. Lakini haiwezi kukuondoa Mbeya kwenda Dar es Salaam, na sababu yake ndiyo kiini cha makala haya.

Bomba linalojipulizia lenyewe

Mwaka 1913 mhandisi wa Kifaransa, René Lorin, alichapisha wazo lililoonekana kama mzaha. Alisema kwamba chombo kinachokwenda kwa kasi kubwa hakihitaji mashine ya kugandamiza hewa, kwa sababu hewa inayokigonga kwa mbele imekwishagandamizwa na mwendo wenyewe. Kinachotakiwa ni bomba lenye umbo sahihi, mafuta na moto.

Mfaransa mwingine, René Leduc, alitumia miaka mingi kuligeuza wazo hilo kuwa ndege. Mwezi Aprili 1949 ndege yake, Leduc 0.10, iliyobebwa mgongoni mwa ndege kubwa, iliachiliwa angani na kuruka kwa nguvu ya ramjeti yake yenyewe.

Namna ramjeti inavyofanya kazi ni rahisi kueleza. Hewa huingia kwa kasi kupitia mlango wa mbele. Ndani, njia hupanuka, na hewa inapofika mahali papana hupunguza mwendo. Ule mwendo uliopotea haupotei bure, bali hugeuka kuwa shinikizo na joto. Hewa hiyo iliyoshindiliwa huingia katika chumba cha mwako, mafuta hunyunyizwa, moto huwaka, na gesi hupanuka kwa nguvu. Gesi haiwezi kurudi mbele kwa sababu hewa mpya inaendelea kuingia na kuizuia, kwa hiyo hukimbilia nyuma kupitia mdomo uliobanwa kisha ukapanuliwa. Inatoka kwa kasi kubwa kuliko ile iliyoingia nayo, na tofauti hiyo ya kasi ndiyo msukumo unaokipeleka chombo mbele.

Tatizo moja la ndani ni kuuzuia moto usizimike. Hata baada ya kupunguzwa mwendo, hewa hupita katika chumba cha mwako kwa kasi inayoushinda upepo wa kimbunga chochote. Ni sawa na mtu anayetaka kuwasha kiberiti katika upepo wa Makambako. Mwenye kiberiti hukinga kwa viganja. Wahandisi nao huweka ndani ya bomba vikingio vidogo vyenye umbo la herufi V. Nyuma ya kila kikingio hutokea eneo tulivu ambamo mwali hujibanza na kuendelea kuwaka, ukiuwasha mchanganyiko unaopita pembeni.

Hapo haraka ndiyo baraka

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Kwa ramjeti, kinyume chake ndicho sahihi, na hesabu inaonesha wazi.

Abiria anayetoa kiganja nje ya dirisha la basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa huhisi upepo ukimsukuma. Lakini shinikizo analolihisi ni dogo mno: halifiki hata theluthi moja ya asilimia moja ya shinikizo la kawaida la hewa. Ndege inayoinuka kutoka katika barabara ya kurukia kwa kasi ya kilomita 250 kwa saa hupata nyongeza ya asilimia 3 hivi. Injini haiwezi kuishi kwa pumzi ndogo kiasi hicho.

Mambo hubadilika kasi inapokaribia na kuipita ile ya sauti. Wataalamu huipima kwa namba ya Mach, iliyopewa jina la mwanafizikia Ernst Mach. Mach 1 ni kasi sawa na ya sauti, Mach 2 ni mara mbili yake, na kuendelea. Katika Mach 1, hewa ikisimamishwa bila hasara, shinikizo lake huwa karibu mara 2 ya lile la nje. Katika Mach 2 huwa karibu mara 8. Katika Mach 3 hufikia takriban mara 37, kiwango kinacholingana na cha kompresa nzito na ghali za ndege nyingi za abiria, na hapo hakuna hata panga moja lililozunguka.

Kwa sababu hiyo ramjeti iliyosimama ni bomba tupu. Ukiiwasha ardhini, moto utatoka mbele na nyuma bila kuisogeza. Ni lazima kwanza isukumwe na roketi, au ibebwe na ndege nyingine, hadi kufikia kasi ambayo inaweza kujitegemea. Zilizo nyingi huanza kufanya kazi vizuri zikiwa zimeipita kasi ya sauti. Ni kama gari lililoisha betri ambalo halina budi kusukumwa ndipo liwake, isipokuwa kwamba hapa msukumaji anatakiwa kukimbia zaidi ya kilomita 1,000 kwa saa.

Habari inapochelewa kufika

Sasa tufike kwenye mlango wenyewe, mahali ambapo ustadi wote umelala.

Hewa ya kawaida hupewa taarifa kabla ya kugongwa. Kitu kinapokuja, msukumo wake husafiri mbele kwa kasi ya sauti na kuiambia hewa isogee. Ndege iendayo polepole hutanguliwa na taarifa hiyo, na hewa huipisha kwa utulivu. Lakini ndege iendayo kasi kuliko sauti humpita mjumbe wake mwenyewe. Hewa haijui lolote hadi dakika ya mwisho, na hapo hulazimika kubadilika ghafla katika utando mwembamba kuliko karatasi. Utando huo ndio huitwa wimbi la mshtuko. Kabla yake hewa inakimbia. Baada yake imepunguza mwendo, imeshindiliwa na imepata joto.

Madereva wa Kitonga wanaujua mfano wake. Siku ya ukungu, lori limeharibika nyuma ya kona. Dereva anayeteremka bila taarifa huliona akiwa ameshalifikia, hukanyaga breki kwa nguvu zote, mizigo huparaganyika na matairi huungua. Lakini iwapo matawi ya miti yametandikwa barabarani mita kadhaa kabla, dereva hupunguza mwendo kidogo kwenye tawi la kwanza, kidogo tena kwenye la pili, na anapoifikia kona anasimama kwa amani.

Hewa inayoingia katika mlango wa ramjeti nayo hutendewa vivyo hivyo. Mlango ulio wazi tu, kama kopo, husababisha wimbi moja kubwa lililosimama wima mbele yake. Hiyo ni breki ya ghafla, na hasara yake ni kubwa: katika Mach 3, theluthi mbili ya shinikizo ambalo lingepatikana hupotea bure na kuwa joto lisilo na kazi. Wahandisi kwa hiyo huweka matawi barabarani. Wanatanguliza koni au kabari iliyochongoka mbele ya mlango. Ncha yake huzalisha wimbi la kwanza lililolala kwa mshazari, ambalo huipunguza hewa mwendo kidogo tu. Mahali koni inapobadilisha pembe hutokea wimbi la pili. Mwisho kabisa, hewa ikiwa imekwishapungua mwendo, wimbi dogo la wima humalizia kazi mlangoni. Kwa mpangilio huo, shinikizo linalookolewa katika Mach 3 linaweza kuzidi mara mbili ya lile la mlango wa kopo.

Wale wanaokumbuka Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 huenda wanazikumbuka ndege za MiG-21 za jeshi la Idi Amin. Ndege hizo zina mdomo wa mviringo mbele na koni inayochomoza katikati yake. Hazitumii ramjeti, lakini koni ile inafanya kazi hiihii tunayoieleza, nayo husogezwa mbele au nyuma kulingana na kasi, ili wimbi la mshtuko liangukie mahali panapotakiwa. Concorde, ndege ya abiria ya Uingereza na Ufaransa iliyostaafu mwaka 2003, ilitumia mabamba yanayoinuka na kushuka ndani ya mlango wa hewa. Kwa msaada wake, hewa iliyoingia kwa Mach 2 iliifikia injini ikiwa na takriban nusu ya kasi ya sauti, ndani ya umbali wa mita chache tu.

Mlango unapokabwa

Mpangilio wa mawimbi hayo ni dhaifu kama nyumba ya karata. Wimbi la mwisho linatakiwa kukaa ndani kidogo ya koo la mlango. Mafuta yakizidi katika chumba cha mwako, shinikizo la ndani hupanda na kulisukuma wimbi hilo mbele. Likitoka nje ya mlango, hewa nyingi humwagika pembeni badala ya kuingia, msukumo huporomoka na injini inaweza kuzimika.

Marubani wa ndege ya upelelezi ya Marekani, SR-71, iliyokuwa ikiruka kwa zaidi ya Mach 3, walilifahamu tukio hilo vyema. Mlango wa upande mmoja ulipopoteza wimbi lake, ndege iliyumba kwa ghafla na kwa nguvu kiasi cha kuweza kugongesha kofia ngumu ya rubani kwenye kioo. Koni za ndege hiyo zilirudi nyuma kwa zaidi ya sentimita 60 kadiri kasi ilivyoongezeka, na mitambo maalumu ilizisimamia kila sekunde.

Lipo tatizo jingine. Hewa inayopita karibu kabisa na mwili wa chombo huburuzwa na msuguano na kuwa nzito ya mwendo, mfano wa maji yaendayo taratibu kandokando ya mto. Hewa hiyo iliyochoka ikiingia mlangoni huvuruga mawimbi. Ndiyo maana katika ndege nyingi za kivita milango ya hewa imetenganishwa na mwili kwa mwanya mdogo, na milango mingine ina vitundu vya kuinyonya na kuitoa nje hewa hiyo.

Ipo pia tofauti ambayo abiria yeyote wa Songwe anaweza kuithibitisha kwa macho yake. Aitazame injini ya Airbus A220 ikiwa imeegeshwa, ataona kwamba ukingo wa mlango wake wa hewa ni mnene na wa mviringo, kama mdomo wa chungu. Sababu ni kwamba ndege inapoanza kukimbia, feni huvuta hewa kutoka mbele na pembeni pia, na ukingo wa mviringo huiongoza hewa hiyo kukunja kona bila kuvurugika. Ramjeti haivuti, hewa huletewa na kasi, kutoka mbele tu. Ukingo wake ni mkali kama kisu, kwa sababu ukingo butu ungezalisha wimbi kubwa la mshtuko na hasara tuliyokwishaieleza. Milango hiyo miwili inasimulia maisha mawili tofauti: mmoja umeandaliwa kuanza safari ukiwa umesimama, na mwingine haujui kusimama.

Joto laweka mpaka

Je, kasi inaweza kuongezwa bila kikomo? Hapana, na adui ni joto. Katika kimo cha zaidi ya kilomita 11, ambako hewa ina baridi ya nyuzi 56 chini ya sifuri, hewa ikisimamishwa kutoka Mach 3 hufikia nyuzijoto 330 hivi. Kutoka Mach 5 hupita nyuzi 1,000, na kutoka Mach 6 hukaribia 1,500, kabla hata tone la mafuta halijawaka. Hewa ikiwa imekwishapata moto kiasi hicho, mafuta hayana tena nafasi kubwa ya kuongeza kitu, na metali za bomba huanza kulegea.

Suluhisho lililobuniwa ni kutoisimamisha hewa kabisa. Katika injini iitwayo skramjeti, hewa hupunguzwa mwendo kiasi tu na kubaki na kasi inayozidi ya sauti hata ndani ya chumba cha mwako. Mafuta hulazimika kuchanganyika na kuungua katika muda ulio mfupi kuliko kupepesa jicho. Mwezi Novemba 2004, chombo cha majaribio cha NASA cha X-43A kilifikia zaidi ya Mach 9 kwa injini ya aina hiyo, kikiwa kimepandishwa kwanza na roketi, na injini yenyewe ikawaka kwa sekunde chache tu. India nayo ilifanya jaribio lake angani mwezi Agosti 2016.

Kwa nini isije Songwe?

Umbali wa anga kati ya Mbeya na Dar es Salaam ni takriban kilomita 690. Chombo chenye ramjeti kikiruka kwa Mach 3 katika kimo kikubwa kingeumaliza kwa dakika 13, bila kuhesabu kupaa na kutua. Inavutia, lakini hesabu hiyo inaacha jambo muhimu kabisa. Kupaa na kutua ndiko kunakotawala safari fupi kama hiyo, na huko ndiko ramjeti isikoweza lolote. Ndege yake ingehitaji injini nyingine kamili kwa ajili ya kuruka na kutua, ingekunywa mafuta kupita kiasi na ingetikisa vioo vya nyumba kwa mshindo wake. Ndiyo maana hadi leo ramjeti imebaki zaidi katika makombora ya kijeshi, ambayo hurushwa kwa roketi na hayahitaji kutua salama. Kombora la Bloodhound la Uingereza lilitumia injini hizo tangu miaka ya 1950, na la BrahMos, lililobuniwa na India kwa kushirikiana na Urusi, linazitumia sasa.

Aidha, si kweli kwamba hewa haba ni adui wa ramjeti kama ilivyo kwa lori. Chombo chenye kasi kubwa hupenda kupaa juu ambako upinzani ni mdogo, na kasi yake hufidia uhaba wa hewa. Lori la Kitonga halina fidia hiyo. Ndege inayoondoka Songwe nayo haina, kwani wakati inapoihitaji zaidi nguvu, ndipo inapokuwa na kasi ndogo zaidi.

Hapo ndipo elimu hii inapomgusa mkazi wa kawaida. Uwanja wa Songwe, uliofunguliwa mwezi Desemba 2012, upo katika kimo cha zaidi ya mita 1,300. Mchana wenye nyuzijoto 25, hewa yake huwa pungufu kwa takriban asilimia 18 ikilinganishwa na ile ya usawa wa bahari katika hali ya kawaida ya nyuzi 15. Upungufu huo huipiga ndege mara mbili: injini hupata hewa kidogo, na mabawa hulazimika kwenda kasi zaidi ili kuibeba ndege. Matokeo yake ni kwamba ndege huhitaji kukimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kuinuka, au ipunguziwe abiria, mafuta au mizigo.

Kwa hiyo barabara ya kurukia ya Songwe yenye urefu unaozidi kilomita 3 haikuwekwa kwa ajili ya fahari. Uwanja wa zamani uliokuwa ndani ya jiji ulikuwa juu zaidi na barabara yake ilikuwa fupi, mambo mawili yasiyopatana. Uwanja wa Nduli mkoani Iringa, ulio katika kimo cha zaidi ya mita 1,400, nao unatawaliwa na kanuni hiyohiyo. Mkulima wa parachichi wa Rungwe au Njombe anayeota kusafirisha mazao yake kwa ndege anapaswa kujua kwamba kila tani ya mzigo hujadiliwa kwanza na hewa, na kwamba asubuhi yenye baridi hubeba zaidi kuliko mchana wa jua kali.

Mwenye gari naye ana somo lake. Wapo madereva ambao, gari likichoka mlimani, hutoa chujio la hewa ili injini ipumue vizuri. Nafuu wanayoipata ni ya muda, na gharama yake ni vumbi linaloingia moja kwa moja na kusaga silinda, pistoni na mapanga ya turbo. Dawa ni kulisafisha chujio au kulibadilisha kwa wakati, na kuhakikisha mabomba ya kutoka kwenye turbo hayavuji.

Yote hayo yanatokana na kanuni moja. Injini ya lori hununua pumzi yake kwa moshi, injini ya jeti hununua kwa mapanga ya turbini, na ramjeti hununua kwa kasi. Hakuna inayoipata hewa bure. Safari nyingine utakapokuwa Kitonga nyuma ya lori linalohema, usilaumu tani za mzigo peke yake. Sikiliza pia pumzi.